Upande Ulioungua Ndio Uliosifiwa

Picha iliingia kwenye simu yangu saa tatu na nusu usiku, imetumwa kutoka ukumbini Tukuyu. Mama mteja wetu amesimama ubavuni mwa bibi harusi mtarajiwa, gauni la kitenge, hereni kubwa, kichwa wazi ili watu waone. Chini yake ameandika: "Dada, upande wa kulia umeshika vizuri mno, watu wananiuliza nimetengenezea wapi. Wa kushoto umelala. Mwambie binti siku nyingine afanye kote kama kulia. Ndaga fijo." Yaani asante sana, kwa Kinyakyusa.

Nilisoma mara mbili. Wakati huo nilikuwa nimeketi kitandani na karatasi nyeupe mapajani, na juu ya karatasi kulikuwa na nywele 17 zilizokatika. Zote zilikuwa za upande wa kulia.

Naandika kisa hiki chote kilivyokwenda kwa sababu wanafunzi wengi wa ususi huanza krimpa, pasi ya kukunja nywele, kwa furaha na kuiacha kwa hofu, na sisi tunaowafundisha tunakimbilia kusema "huyu hana mkono". Binti huyu, mwanafunzi wangu aliyemtengeneza mama, mkono anao.

Saluni yangu iko Mwanjelwa, Mbeya, chumba kimoja chenye draya mbili za kuketi na sinki moja. Kila mwaka napokea mwanafunzi mmoja au wawili wa fildi kutoka vyuo vya ufundi. Huyu alitoka Vwawa, umri miaka 19, anasuka twende kilioni iliyonyooka kama imepigwa rula, na siku hiyo alikuwa kwenye wiki yake ya tano. Hajui kubishana. Ukimwambia jambo anaitika "sawa madamu" na kulifanya vilevile ulivyosema. Fomu ya chuo chao ina swali, je, mwanafunzi anafuata maelekezo? Nilikuwa nimeshaweka tiki kwenye "vizuri sana".

Krimpa ni pasi ya nywele kama ile ya kunyooshea, ila mabamba yake si laini. Yana matuta na mifereji, na tuta la bamba la juu huingia kwenye mfereji wa bamba la chini. Ukibana fungu la nywele na kuachia, linabaki limekunjamana kama bati la nyumba. Wapo wanaoitaka kichwa kizima, na wapo wanaotaka ipite kwenye mizizi tu ili bani isimame na nywele chache zionekane nyingi.

Kazi ya mkono yenyewe inaelezeka. Fungu lisizidi upana wa bamba, na liwe jembamba kiasi kwamba ukiweka chanuo nyuma yake unayaona meno. Unaanza kama sentimita 2 kutoka kwenye ngozi, chanuo la mkia likiwa chini kukinga kichwa. Unabana, unahesabu, unaachia, unashuka. Hapo kwenye kushuka ndipo wengi wanapokwama: tuta la mwisho la pasi lazima lirudi kwenye mkunjo wa mwisho uliokwisha kuupiga, la sivyo katikati panabaki kipande kilicholala, au mikunjo inapandana na nywele inaonekana imetafunwa. Binti nilimweleza kwa matuta ya viazi. Ukipita Isyonje utaona shamba lililolimwa na watu wawili, mmoja ameanzia huku, mwingine kule. Pale walipokutana ndipo unapojua kama walielewana. Alicheka, akashika pasi, na ndani ya siku tatu viungo vyake vilikuwa havionekani.

Siku hizo tatu alifanyia kwenye kichwa cha mazoezi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Madamu, nabana kwa muda gani?" Nikamjibu, "Kumi." Hesabu moja mpaka kumi, achia. Akaandika kwenye daftari.

Mama alikuja Jumamosi moja ya Julai, saa tatu asubuhi. Kwa wasioijua Julai ya Mbeya: mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya bomba asubuhi yanauma vidole, na anayeosha nywele za watu kabla ya saa nne anastahili nyongeza ya mshahara. Yeye alikuwa shangazi wa msichana aliyekuwa anaagwa. Sendofu ilikuwa jioni, Tukuyu, na Kosta waliyokodi wanafamilia ilikuwa inaondoka saa sita. Alitaka mikunjo kichwa kizima, nywele ziachwe zianguke. Binti akamwamkia, akamkalisha, akamwosha kwa maji ya birika. Mimi nilikuwa nasuka mteja wa rasta niliyemwanza jana yake. Nikauliza kutoka pale pale nilipokuwa, "Mama, dawa ya kulainisha nywele uliweka lini?"

"Muda, dada."

Nikaridhika na jibu hilo. Muda!

Akawekwa kwenye draya. Dakika 20 hazijaisha ameshaanza kutazama saa kwenye simu. Zilipofika 25 akasema imetosha, kichwa kinawaka. Binti akagusa utosini, pakavu; akagusa juu ya masikio, pakavu. Akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, rasta zikiwa zimening'inia mdomoni mwangu. Akaanzia kisogoni upande wa kulia, kutoka chini kwenda juu, kama nilivyomfundisha.

Fungu la kwanza lililia. Chwaaa, sauti ndogo, kama tone la maji kwenye kikaango chenye moto, na mvuke ukapanda. Nilisikia. Binti naye alisikia, akageuka kunitazama tena.

"Ni mafuta hayo," nikasema. "Endelea."

Tulikuwa tumempaka kinga ya joto, na vitu vya mafuta hutoa moshi kidogo vikikutana na pasi, kwa hiyo nilichokisema kilifanana na ukweli. Akaendelea. Kumi, kumi, kumi, kisogo chote cha kulia na ubavu mpaka juu ya sikio. Mikunjo ilitoka mizuri, sitasema uongo, imekaa kama imechongwa kwa patasi.

Kisha luku ikaisha. Nilikuwa nimeona tangu jana kwamba uniti zimebaki chache, nikajisemea nitanunua asubuhi, asubuhi nikasahau. Kununua tokeni kwa simu ni jambo la dakika mbili siku ambayo huna haraka. Siku hiyo ilichukua zaidi ya nusu saa. Umeme uliporudi ilikuwa saa tano imepita. Taa nyekundu ya pasi ikawaka, na binti akabana papo hapo, mafungu manene kuliko ya mwanzo kwa sababu mama alikuwa ameshasimama nusu. Upande wa kushoto haukulia hata mara moja. Mikunjo ilitoka, lakini hafifu. Saa sita kasoro dakika chache mama akajitazama kwenye kioo, akalipa sh 15,000, akatoka mbio.

Binti alipokuwa anafagia ndipo alipoziona. Hakusema kitu. Aliziokota moja moja kwenye sakafu na kwenye taulo la mabegani, akazipanga juu ya karatasi, akaniletea. "Madamu, nimemchoma mama wa watu."

Msaidizi wangu akasema ndiyo, mkono wake mzito, anabana kama anakamua nguo. Kaka wa duka la vipodozi jirani akaja kutazama, akasema pasi ni feki, za siku hizi zote feki. Mimi nilikuwa karibu kukubaliana na msaidizi, kwa sababu ni rahisi. Lakini nikaichukua ile karatasi nyumbani, na usiku, kabla na baada ya ile picha kuingia, nikazitazama nywele zenyewe.

Nywele iliyong'oka ina kichwa cheupe kwenye mzizi, kama kijidoti. Hizi hazikuwa nacho hata moja, kwa hiyo hazikung'olewa, zilikatika. Nikapima. Nywele za mama zilikuwa ndefu kama sentimita 25. Vipande vingi kwenye karatasi vilikuwa na 21 au 22. Maana yake vilikatikia sentimita tatu au nne kutoka kwenye ngozi, karibu vyote mahali pamoja. Mkono mzito haukati nywele mahali pamoja. Mkono mzito ungekata huku na kule, hasa kwenye ncha, ambako nywele ni ya zamani na imechoka.

Tuanzie hapo. Nywele hukua kwa wastani kama sentimita moja kwa mwezi, pengine zaidi kidogo. Mtu anayeweka dawa anapaswa kurudia baada ya wiki nane hadi kumi, na kuipaka kwenye uoto mpya tu, zile sentimita mbili au tatu za chini. Ikipanda juu ya pale ilipoishia ya zamani, inaila nywele iliyokwisha kuliwa. Ni kosa la kawaida, hasa mtu anapowekwa dawa nyumbani na jirani, kioo kimoja, watoto wanapita. Mahali dawa mpya ilipopandia ya zamani ndipo nywele za mama zilipokatikia. Baadaye alinieleza mwenyewe kwamba ule "muda" ulikuwa siku tisa.

Dawa ya kulainisha inafanya nini hasa? Nywele ni protini, keratini, na nyuzi zake zimeshikanishwa kwa vifungo vya aina mbalimbali. Kuna vifungo vya salfa, vigumu, vinavyoipa nywele nguvu na umbo la kuzaliwa. Dawa inavivunja, na hairudishi vyote. Ndiyo maana nywele inanyooka na haijikunji tena. Halafu kuna vifungo vya haidrojeni, vyepesi na vingi, ambavyo maji huvifungua na kukauka huvifunga, joto huvifungua na kupoa huvifunga. Krimpa, rola, pasi ya kunyooshea, vyote vinacheza na hivi vyepesi. Ukibana, vinaachia, nywele ikipoa katika umbo la bati, vinashikana upya katika umbo hilo. Kwa hiyo mtu mwenye dawa ya siku tisa amekuletea nywele yenye nguzo zilizopungua, na wewe unakuja kutikisa kuta.

Hilo peke yake lingetosha kudhuru, lakini lisingelia chwaa.

Nikachukua vipande vitatu, nikavivuta kwa kamera ya simu mpaka mwisho. Kwenye sehemu iliyobanwa kulikuwa na vidoti vyeupe, na ukipitisha kidole unahisi vifundo, kavu kama nyasi ya Septemba. Nimewahi kuona hivyo mara moja tu, na wataalamu wa ngozi wanalijua jambo hili: maji yaliyomo ndani ya nywele yakipashwa ghafla hugeuka mvuke kabla ya kupata njia ya kutoka, yanatengeneza mapovu ndani ya unywele, na unywele unabaki na mashimo kama mkate. Nywele inayoonekana kavu bado ina unyevu kidogo. Nywele iliyolowa kabisa inabeba maji yanayofikia karibu theluthi ya uzito wake. Na keratini iliyolowa huharibika kwa joto la chini sana kuliko ile iliyo kavu. Juu ya hayo, kwenye mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage ya Mbeya yanamaliza mkaa. Pasi yetu ilikuwa imewekwa mwisho kabisa, nyuzi 220.

Lakini si binti aligusa akakuta pakavu? Aligusa utosini na juu ya masikio. Draya ya kuketi inapuliza kutoka juu, na kisogo cha mtu mwenye nywele nyingi kinakauka mwisho, hasa akiwa ameinama kutazama simu. Mama aliposema kichwa kinawaka hakudanganya, ngozi ya utosini ilikuwa inawaka kweli. Shingoni ilikuwa bado mvua. Na hata kama binti angegusa shingoni, sijui kama angejua. Mimi nilifundishwa kupima unyevu kwa shavu: weka fungu shavuni, ukihisi ubaridi bado kuna maji. Kipimo kizuri sana, Dar es Salaam. Mbeya asubuhi ya Julai kila kitu ni baridi shavuni, hata taulo lililotoka kabatini. Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikitumia shavu kuanzia Mei mpaka Agosti na kujidanganya.

Sasa ile kumi.

Kichwa cha mazoezi nilichompa kina nywele nene, zilizonyooka, hazijawahi kuona dawa, na ni kavu tangu ziliposhonwa pale. Zinahitaji moto na muda, vinginevyo mikunjo haishiki. Kumi ilikuwa sahihi kwa kichwa kile. Zaidi ya hapo, kumi yenyewe nilipewa na aliyenifundisha mimi, kwa pasi ya zamani yenye bamba dogo na moto hafifu ambayo ungeweza kuigusa kwa kidole na kuondoa bila kuungua. Pasi ile ilikufa zamani. Namba yake ikabaki hai, nikaibeba mpaka kwenye pasi ya nyuzi 220, nikampa msichana ambaye najua hawezi kuniuliza kwa nini.

Mama yangu mzazi alikuwa anachoma nywele za wanawake wa mtaani kwetu kwa kitana cha chuma kwenye jiko la mkaa. Hakuwa na namba yoyote. Alikuwa anatoa kitana kwenye mkaa, anakipitisha kwenye kipande cha gazeti. Gazeti likigeuka kahawia anakipunga hewani, anajaribu tena. Likibaki jeupe ndipo anagusa kichwa cha mtu. Wasusi wa Paris wa enzi za Marcel Grateau, yule wa pasi za mawimbi za karne ya 19, nao walipasha chuma kwenye moto, na sidhani kama mtu anaweza kufanya kazi hiyo bila kuwa na gazeti lake. Sisi tulipopata waya na taa nyekundu tukatupa gazeti.

Taa nyekundu nayo ina kesi yake. Kwenye pasi yetu maana ya taa hiyo ni kwamba umeme umefika. Haisemi chochote kuhusu joto la bamba. Umeme uliporudi binti alibana mabamba yakiwa bado yanapanda, na mafungu yakiwa manene, kwa hiyo upande wa kushoto ulipata joto dogo lililoishia kwenye nywele za nje, za ndani hazikuguswa. Tena aliachia fungu, na kwa haraka akapitisha vidole kutawanya kabla halijapoa. Vifungo vilikuwa bado viko wazi, akavivuruga.

Halafu Kosta ikapanda Uyole, ikaingia kwenye ukungu. Anayeijua barabara ile anajua: unaacha jua na vumbi Mbeya, ukifika milimani dereva anawasha taa mchana. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata Julai ambapo mvua imepungua, hewa yenyewe ni kama taulo lililokamuliwa nusu. Unyevu ule ukaingia kwenye nywele za kushoto, ukafungua vile vifungo vyepesi ambavyo havikuwa vimeshika sawasawa, na nywele zikalala. Za kulia hazikulala, kwa sababu zilipigwa zikiwa na maji, kwa joto la kupindukia. Zilishapita hatua ya kutengenezwa, zikawa zimekaangwa katika umbo lile.

Kwa hiyo picha ilikuwa inasema kweli na uongo kwa pamoja. Upande mzuri ndio ulioharibika. Upande uliolala ulikuwa mzima, ungeosha ukarudi kama ulivyokuwa.

Hapa ndipo ninapoona ugumu wote wa kufundisha krimpa. Ukikosea kusuka, mteja analia pale pale, anasema umenivuta. Ukikosea kupaka rangi, kioo kinakuambia. Krimpa ikiunguza, siku ile inapendeza zaidi, mteja anasifu, mwanafunzi anavimba kichwa, na hesabu inakuja wiki mbili baadaye kwenye sinki la mtu mwingine. Kama binti asingefagia mwenyewe, kama zile nywele 17 zingeondoka na ufagio wa msaidizi, ujumbe wa mama ungekuwa cheti. Tungefanya kote kama kulia.

Jumapili baada ya ibada nikampigia. Nilitamani kuandika tu "asante mama, karibu tena", sitaficha. "Shikamoo mama. Nywele za kulia, zile zilizopendeza, zimeungua."

"Zimeunguaje na wakati zimependeza?"

Nikamweleza. Nikamwambia asichane kisogo kwa chanuo dogo, asifunge kwa nguvu, asipitishe pasi wala draya ya mkono, dawa asiguse mpaka miezi miwili na nusu ipite, na aje siku yoyote tumfanyie stimingi bure mara mbili. Alinyamaza, akauliza kama namtafutia njia ya kumrudisha dukani. Swali la haki, nadhani, mtu akikupigia simu kukuambia kizuri chako ni kibovu. Ndipo nilipomwuliza tena kuhusu dawa, akataja zile siku tisa. Jumatano alikuja. Kwenye sinki zilitoka nyingine, na kisogoni kulia pakabaki eneo la vidole viwili lenye nywele fupi zilizosimama. Binti ndiye aliyemwosha, kwa kuomba mwenyewe. "Nisamehe mama," akasema. Mama akamjibu, huku kichwa kiko chini ya bomba, "Mwanangu, mimi ndiye niliyesema muda."

Wiki hiyo tulifunga saluni mapema siku mbili. Kuna mfuko ninaowekea ncha za nywele zinazokatwa. Nilikuwa nimeuacha tu, tukapata kazi yake. Tulifunga vifungu kwa uzi, vyenye dawa upande mmoja na visivyo na dawa upande mwingine, tukavibana kwa muda tofauti na joto tofauti, binti akiandika. Vyenye dawa, vikiwa vikavu kabisa, vilishika mikunjo inayotosha kwa nyuzi 150 na hesabu ya tatu. Tulipoenda hesabu ya tano kwa nyuzi 180 mikunjo ilikuwa mikali zaidi, lakini ukilowesha kifungu na kukivuta kinatanuka kama lastiki iliyochoka na hakirudi. Nywele nzima ikiloweshwa na kuvutwa inatanuka kidogo, inarudi. Hicho ndicho kipimo anachofanya sasa kabla ya kuwasha pasi: unywele mmoja kutoka kisogoni, maji, vidole viwili.

Kilichotushangaza sote ni kupoa. Vifungu viwili vinavyofanana, joto moja, hesabu moja. Kimoja alikichana kikiwa cha moto, kingine alikiacha kimening'inia kwenye kibanio hadi kipoe. Kisha tukavishika juu ya birika linalochemka, Tukuyu yetu ya bandia. Cha kwanza kililala tungali tunatazama. Cha pili kilibaki na mikunjo yake karibu yote, na hicho kilikuwa cha nyuzi 150. Maana yake tulikuwa tunatafuta kwenye moto kitu kinachopatikana kwenye kungoja, tena Mbeya, ambako Julai inakupozea fungu bure kabla hujamaliza la pili.

Kwa mteja anayeteremka Rungwe au Kyela, nimeanza kumshauri aache pasi kabisa. Aje jana yake jioni, tumsuke mabutu madogo madogo nywele zikiwa na unyevu, alale nayo, asubuhi ayafungue yakiwa yamekauka kabisa. Mikunjo si ya bati, ni ya mawimbi zaidi, na wapo wanaokataa kwa sababu wanataka ile ya picha. Nawaelewa. Wakikataa tunarudi kwenye krimpa, na ninataja mapema kwamba ukungu una sauti yake.

Ijumaa iliyopita alikuja bibi harusi mwenyewe, na wasimamizi wawili mlangoni wanaita, gari imewashwa. Dakika 30 za draya zimekwisha. Mimi nilikuwa na rasta mdomoni kama kawaida. Binti alinitazama, nikaitikia kwa kichwa aanze. Hakuanza. Alichukua tishu, akaifunga kwenye fungu la kisogoni, akaibana kwa vidole kwa muda, kisha akavuka chumba na kuniwekea tishu ile kwenye kiganja. Ilikuwa imelowa.